Semina ya Alhamisi: maswali ninayoulizwa na wageni

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kupanga semina za kila wiki katika taasisi moja ya utafiti hapa Kisumu: kutafuta mzungumzaji, kuhakikisha projekta inawaka, kuhesabu vikombe. Simu za Jumatano jioni karibu zote huuliza mambo yale yale. Nimeyaandika hapa ili mwenye nia ya kuja asikwazwe na jambo dogo la getini, na aliyewahi kuja akanyamaza ajue tulimwalika kwa sababu gani.

Nani anaruhusiwa kuhudhuria?

Yeyote. Watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu ndio wengi, lakini viti havina majina. Huja maafisa wa afya wa kaunti, wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa sayansi, wavuvi, wakulima wa miwa, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta ambaye hajakosa kikao tangu nianze kazi hii. Hakuna anayekuuliza shahada yako.

Semina na mhadhara si kitu kimoja?

Hapana. Mhadhara hutolewa na mtu aliyemaliza kazi, mara nyingi profesa mgeni, juu ya jambo lililokwisha kuchapishwa na kubishaniwa hadi likatulia. Unakaa, unasikiliza, unapiga makofi. Kwetu huwa minne au mitano kwa mwaka. Semina ni ya kila wiki, na anayesimama mbele analeta kazi mbichi: data ya nusu mwaka, mtego ambao haukunasa mbu aliyetarajiwa, grafu ambayo mwenyewe bado inamsumbua. Anakuja tumwonyeshe alipokosea kabla hajaenda kukosea mbele ya watu wengi zaidi. Hilo likikukaa, mengi ya yanayofuata hapa chini yatajieleza.

Inaanza saa ngapi?

Alhamisi, saa nne asubuhi. Zamani ilikuwa saa tisa alasiri, na mkazi yeyote wa Kisumu anajua kasoro yake. Majira ya mvua wingu hujikusanya mchana kutwa likapasuka alasiri, na ukumbi wetu umeezekwa mabati. Mvua ikishuka, unamwona mzungumzaji akichezesha midomo tu. Mlango hatufungi saa nne ikipita, ila anayechelewa atakaa mbele kabisa, kwa maana viti vya nyuma ndivyo hujaa kwanza.

Nitafikaje, na getini wanataka nini?

Soma mwaliko vizuri. Kisumu ina taasisi kadhaa za utafiti, na ukimwambia mtu wa boda akupeleke "kwa watafiti" atakupeleka anakokujua yeye. Kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian, barabara ya kwenda Busia. Kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, tawi lake la miwa kule Kibos, upande mwingine kabisa wa mji. Kote huko si kwetu, na tumewahi kupokea mgeni saa sita akiwa ameshazizunguka zote.

Beba kitambulisho. Mlinzi ataandika jina lako, namba ya simu na saa uliyoingia, kisha atakupa beji. Ukija na kipakatalishi, mwambie aandike na namba yake ya nyuma, la sivyo kutoka kutakuwa kugumu kuliko kuingia.

Kuna nauli?

Hakuna. Najua linakotoka swali hili: warsha zimetuzoesha kusaini karatasi na kuondoka na bahasha. Semina haina karatasi wala bahasha. Kuna chai ya maziwa na mandazi, na mpishi akiamka vizuri kuna nduma. Cheti cha kuhudhuria hatutoi pia. Mwanafunzi anayetakiwa chuoni athibitishe kwamba alikuja, nitamwandikia barua fupi, lakini nitamuuliza kwanza mada ilihusu nini.

Mazungumzo huwa kwa lugha gani?

Slaidi huwa za Kiingereza, kwa sababu majarida ni ya Kiingereza na mtafiti huona tabu kuandika mara mbili. Maswali ni lugha yoyote unayoiweza. Uliza kwa Kiswahili, uliza kwa Dholuo, msimamizi wa kikao atatafsiri. Akikwama tuna dereva. Sisemi kwa mzaha: dereva wetu amezunguka na watafiti vijijini miaka mingi, amesikia kila jambo likielezwa chini ya mwembe mara hamsini, na hakuna mtu ukumbini anayelieleza kwa maneno machache kumshinda.

Sikusoma sayansi. Nitaambulia nini?

Majina ya kemikali na ya mashine yaache yapite. Shika mambo mawili tu: walihesabu nini, na walilinganisha na nini. Mzungumzaji asiyeweza kuyasema hayo waziwazi ana shida yeye, si wewe.

Zaidi ya hapo ni tarakimu, na hapo ndipo watu wengi hupotea, hata wenye shahada. Chukua jaribio lililofanyika hapa hapa Kisumu. Kuanzia mwaka 2002 wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kila moja likiwa na watu karibu 1,400. Kundi moja lilitahiriwa mara moja, la pili likaombwa lisubiri. Watafiti walitaka kujua kama tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi, na hapa palifaa kwa kuwa tohara si mila ya Wajaluo, hivyo wanaume wengi walikuwa hawajatahiriwa. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilikuwa imeshaonekana. Katika waliotahiriwa, 22 walikuwa wameambukizwa. Katika waliosubiri, 47. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 53 iliyoenea kila mahali.

Sasa itazame. Hiyo asilimia haisemi kwamba katika waliotahiriwa 100, watu 53 wana kinga na waliobaki hawana. Wala haisemi kwamba aliyetahiriwa aache kondomu, maana wale 22 walikuwa wametahiriwa. Inachosema ni kwamba maambukizi katika kundi moja hayakufika hata nusu ya yale ya kundi la pili. Ukirudi kwenye watu wenyewe, waliosubiri waliambukizwa kama 34 kwa kila 1,000, na waliotahiriwa kama 16 kwa kila 1,000. Unaweza kusema "imepungua kwa zaidi ya nusu", unaweza kusema "watu 18 pungufu kwa kila 1,000". Zote ni kweli, lakini ya kwanza hupigiwa makofi na ya pili hukufanya ufikiri. Mzungumzaji akikupa moja, inua mkono umwombe nyingine. Umeshauliza swali zuri kuliko nusu ya ukumbi.

Na nikiuliza swali la kijinga?

Nitajibu kwa kisa. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta grafu ya omena. Alikuwa amepima uzito wa samaki walioshushwa ufuoni kwa wiki kumi na moja mfululizo, na mstari ulipanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Maelezo yake yalikuwa ya kupendeza: joto la maji, hewa iliyoyeyuka majini, gugu maji lililosukumwa na upepo hadi ufuoni. Wataalamu wawili walimuuliza juu ya mashine ya kupimia hewa. Kikao kilikuwa kinaelekea kwenye chai.

Nyuma alikuwa amekaa mama mmoja anayeuza omena Dunga, aliyekuja kwa sababu mwanafunzi huyo alikuwa akimpimia mizani kila alfajiri na yeye alitaka kuona kazi hiyo imezaa nini. Akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Mwanangu, hizo siku samaki walipopungua, mwezi ulikuwaje?"

Kijana akafungua daftari, akafunga. "Mwezi sikuuandika, Mama."

"Basi kaangalie kalenda. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, na wengi hawaingii ziwani. Kila mtoto wa ufuoni anajua."

Aliangalia kalenda palepale kwenye simu, watu wakimngoja. Mabonde mawili kati ya matatu yaliangukia mbalamwezi. Hakuna aliyecheka. Alirudi baada ya miezi minne na grafu mpya iliyoondoa athari ya mwezi, na gugu maji lilibaki na sehemu yake, ndogo kuliko alivyodhani. Jina la yule mama liliandikwa kwenye shukrani za tasnifu. Swali lake, kama angeniuliza kabla ya kikao, angeniambia ni la kijinga.

Swali baya lipo, nalo ni lile lisilo na alama ya kuuliza. Mtu husimama, "mimi sina swali ila nina mchango", kisha dakika saba zinakwenda. Tumempa msimamizi kengele ya baiskeli.

Mbona watafiti hugombana wao kwa wao?

Wanaitana makosa, na hiyo ndiyo kazi yao. Utasikia "sampuli yako ni ndogo mno" au "hukuwa na kundi la kulinganisha" ikisemwa kwa sauti ambayo nyumbani ingevunja undugu. Saa tano na nusu utawakuta wanagawana mandazi. Ugomvi wa kweli upo pia, nisidanganye, lakini huo haufanyikii ukumbini. Hufanyikia kwenye barua pepe, usiku.

Naweza kupiga picha slaidi na kuzituma kwa kundi la WhatsApp?

Mpaka mzungumzaji akubali. Atakaporuhusu utaona alama ya kamera kwenye slaidi ya kwanza, usipoiona weka simu mfukoni. Wanahabari ni vilevile: karibuni, ila zungumzeni naye baada ya kikao kabla hamjaandika neno.

Sababu ni ile niliyoitaja juu, kwamba kazi ni mbichi. Wakati mmoja mtafiti alionyesha kwamba mafuta ya mmea fulani wa vichakani yalifukuza mbu ndani ya kisanduku cha maabara kwa muda mfupi. Kisanduku, nimesema. Mtu alipiga picha. Jioni hiyo hiyo ilimfikia shemeji yangu Kakamega ikiwa na maandishi kwamba mmea huo unatibu malaria, na siku chache baadaye kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba yake hakikuwa na jani hata moja. Watu walikuwa wameyachemsha wakanywa.

Njia ya kutoka kwenye slaidi hadi zahanati ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wadogo katika nchi saba za Afrika kuanzia mwaka 2009, na kwa upande wetu huu vituo vilikuwa Siaya na Kombewa. Jaribio lilikwisha mwaka 2014. Septemba 2019 ndipo Kenya ilipoanza kuitoa kwa majaribio zahanatini, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, na Oktoba 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza itumike kwa upana. Mtoto aliyechanjwa mwanzoni mwa jaribio alikuwa na miaka kama 12 kufikia hapo. Na hiyo ni kazi iliyofaulu. Nyingi ninazoziona Alhamisi hufia njiani, na hufa kwa haki.

Kuna jambo la pili. Wakati mwingine slaidi huwa na ramani ya nyumba au picha ya mgonjwa. Mwenye nyumba alikubali kuwa kwenye utafiti. Hakukubali kuwa kwenye simu yako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iko upande wake.

Utafiti ulifanyika kijijini kwetu. Mbona hatujawahi kuambiwa matokeo?

Swali hili huja na hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Watu walikuja, wakatoboa watoto vidole, wakahesabu neti, wakaandika kila mlango namba kwa chaki, wakaenda. Miaka miwili baadaye matokeo yako kwenye jarida la ng'ambo ambalo hata mimi sina nywila yake.

Kinachouma ni kwamba matokeo mara nyingi yanawahusu wenye vijiji kuliko wasomaji wa majarida. Miaka ya 1990, kule Asembo na Gem, Siaya, nusu ya vijiji vilipewa neti zilizotiwa dawa kwanza na vingine vikangoja hadi mwisho wa utafiti. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwenye vijiji vya neti. Lakini walipochunguza zaidi walikuta jambo ambalo hawakulitegemea sana: nyumba zisizo na neti, zilizokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa wenye neti, nazo zilipata nafuu. Mbu akitua kwenye neti yenye dawa, hafi kwa faida ya aliyelala ndani peke yake. Amekufa kabla hajafika kwa jirani. Kwa mama wa kijijini hilo ni neno zito, kwa sababu linamaanisha neti ya jirani iliyogeuzwa kuwa ua wa kuku ni hasara yake yeye pia.

Fanya hivi. Tafuta nakala ya fomu ya ridhaa uliyotia sahihi. Huwa na jina la mtafiti mkuu na la kamati ya maadili iliyoidhinisha kazi. Mpigie mtafiti, na asipopokea iandikie kamati. Kwetu tumeweka kanuni: anayeomba tarehe ya kuwasilisha matokeo ya mwisho huulizwa kwanza alifanya baraza kijijini lini. Si wote wenye jibu, na nimewahi kumrudisha mkubwa wangu mwenyewe.

Naweza kuwasilisha kazi yangu?

Ndiyo, hata kama ni pendekezo tu ambalo hujaanza kulifanyia kazi. Niandikie kichwa cha mada na aya moja. Utapewa dakika 40 za kuzungumza na 30 za maswali, na 30 hizo usizile. Zungumza kwa dakika 35 ukiweza.

Makosa huwa yale yale. Slaidi ya tatu bado inaeleza kwamba malaria ni tatizo Afrika, jambo ambalo ukumbi mzima umelijua kwa kulala nalo kitandani. Jedwali lina safu kumi na mbili na mzungumzaji anasema "najua hamwoni, lakini". Kama unajua hatuoni, liondoe. Simulia ulichofanya siku moja ya kazi kuanzia asubuhi, uliweka mtego wapi, ulihesabu nani, ndipo uonyeshe grafu. Na weka nakala kwenye flashi, si kwenye intaneti pekee. Stima ikipotea tutazungumza bila projekta, tumefanya hivyo mara nyingi, na baadhi ya semina nzuri nilizosikia zilikuwa za ubao na chaki.

Naweza kufuata mtandaoni?

Unaweza. Kiungo hutumwa Jumatano. Zima maikrofoni yako, tulishasikia jogoo wa kila kaunti. Kikao hakirekodiwi, kwa sababu ile ile ya ubichi.

Niko mbali na Kisumu. Nianzie wapi?

Ulizia kituo kilicho karibu nawe, maana ukanda huu umejaa utafiti kuliko wenyeji wanavyojua. Mbita kuna kampasi ya icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, na ikikupitia mada ya sukuma-vuta, njia ya kulinda mahindi dhidi ya wadudu na magugu, usiikose. Mkulima hupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na nyasi ya nepia pembezoni. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa bungua, mdudu atoboaye mabua ya mahindi, nepia humvuta atage mayai huko nje, na chini ya ardhi mizizi ya desmodiamu huichochea kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, iote kisha huizuia kushika mzizi wa mahindi, ikafa. Njoro, upande wa Nakuru, kituo cha KALRO hupanda ngano kutoka nchi nyingi ili kuona ni ipi itastahimili aina ya ugonjwa wa kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Egerton kiko jirani tu. Piga simu mapokezi, uliza kama wageni wanakubaliwa. Ukijibiwa "wewe ni wa idara gani?", sema ni wa idara ya wanaokula ugali.

Naweza kuja na mtoto?

Njoo naye. Akilia, toka naye kidogo, mlango wa pembeni haugongi.

Na beji?

Irudishe getini. Tulianza mwaka na 40, zimebaki 26.